Moja, Mbili

Alfajiri Uyole, baridi ya mwezi wa tano,
vidole vinakataa kazi.
Nafumua waya
kama anayefumua nywele za mtoto mbishi.
Jenereta likakohoa, likakohoa, likakubali.
Nikapuliza maiki.
Moja, mbili. Moja, mbili.
Mbwa wa jirani akanijibu.

Miaka kumi na tisa nakodisha spika:
harusi Iyunga, mazishi Igawilo,
injili, kampeni, mnada wa mitumba Mbalizi,
na miaka yote hiyo
neno langu mwenyewe hewani ni hilo tu.
Tatu sijawahi kuifikia.
Kabla ya tatu daima kuna mkono ulionyooshwa:
"Lete, Ambakisye, inatosha."

Leo tarehe tatu, siku ya waandishi wa habari.
Bango limefungwa kati ya milingoti miwili,
SAUTI YAKO NI HAKI YAKO,
na upepo wa Kawetere unalikunja
mpaka kinachosomeka ni SAUTI YAKO NI.
Wanafunzi wamevaa fulana nyeupe juu ya masweta.
Waandishi leo wamepewa viti vya mbele,
wao ambao siku nyingine
husimama nami nyuma ya spika, tukila karanga.

Mgeni rasmi akasema.
Mwakilishi wa mwakilishi akasema.
Uhuru wa maoni ukavikwa kilemba cha ukoka,
kikazungushwa, kikazungushwa,
hata uso wake hatukuuona tena.

Ndipo mshereheshaji, akitafuta kicheko cha kufungia,
akauliza: kuna mwananchi mwenye neno?

Akainuka Tupokigwe Mwasomola,
buti za mvua, koti la kiume,
udongo wa viazi ungali kwenye kucha.
Akaishika maiki kama ashikavyo shingo ya kuku,
si kwa ukali, kwa kujua.

"Ndaga. Mimi sina hotuba.
Gunia langu likivishwa kilemba
linameza debe mbili zaidi, na bei ni ileile.
Nilimweleza kijana wa redio, akanirekodi
nimekaa palepale juu ya gunia.
Nikawaita majirani tusikilize.
Tukasikiliza muziki.
Nilipomfuata, nikaambiwa hafanyi kazi pale tena.
Sasa nauliza, kwa heshima zote…"

Mshereheshaji akanitazama.
Hakufungua kinywa. Kiganja chake kilishuka polepole,
kama cha mtu anayembembeleza mtoto alale.

Naijua ishara hiyo. Mwaka juzi niliitii.
Kijana mmoja alikuwa anauliza habari za kisima;
nikashusha kitufe,
na midomo yake ikaendelea kutafuna
ugali usiokuwepo.
Watu wakadhani ni hitilafu ya mitambo.
Nililipwa pesa yote siku ile, na soda juu.
Ile soda bado sijaimaliza.

Kitufe chini ya kidole, baridi kama sarafu.
Spika ni zangu. Jenereta ni la mkopo.
Mkopo una jina la mke wangu, Sekela,
ambaye Jumamosi lazima aketi kwenye kikundi
mbele ya wenzake, na daftari.

Sikupandisha sauti. Nisijisifu.
Niliinama tu, kufunga kamba za kiatu.
Nilivaa kandambili.

Kule juu akaendelea:
debe, ushuru, mizani ambayo haijawahi kufika,
jina la yule kijana, mara mbili,
ukoo wake pia,
na sauti ikavuka barabara kuu,
wenye malori wakazima injini.
Nilikaa chini kule muda mrefu.
Mgongo uliniuma.

Walinilipa nusu.
Jioni nilikunja waya peke yangu,
ukungu ukishuka, viti vimeshapakiwa,
bango likipigapiga kwenye mti mmoja.
Maiki ilikuwa bado ina moto.

Moja, mbili,
nikasema, kwa mazoea,
nikangoja mkono.

Hakuna aliyenyoosha.