Figa la Tatu

Babu wa mama yangu, Bauma, alibeba mnyororo.
Si ule wa shingoni, huo walivishwa wengine,
bali wa kupimia, pete mia za chuma
zilizonong'ona majanini kila alipopita.
Mbele yake Mzungu wa huku, nyuma yake Mzungu wa kule,
wakibishana kwa adabu juu ya kijiti.
Kisha wakapanda jiwe.
Yeye mwenyewe alisema hivyo, wakapanda,
kama mtu apandavyo mhogo.
Namba kumi na nne. Wakalipaka chokaa,
wakapeana mikono, wakaenda kula.

Likaota.

Bulamatari alipofunga masanduku yake
alichukua saa ya ukutani ya posta,
alichukua hata vitasa vya milango.
Jiwe aliliacha.
Urithi gani huu? Mwenye shamba keshakwenda,
nasi tusiogawiwa hata kijiko
tukatoana roho kwa ajili ya uzio wake.

Usiku vijana wetu walilisogeza hatua sitini,
hadi katikati ya maharagwe ya Nyirabahizi.
Usiku wa tatu vijana wa kule wakalirudisha,
wakaongeza hatua kumi za hasira.
Jiwe lisilo na miguu likatembea kuliko chukudu.
Na watu walioazimana chumvi
wakaanza kuazimana risasi.
Nyirabahizi alikuwa amemzalisha mama yangu mara mbili.
Siku hizo walipishana sokoni Birere
kama watu wanaodaiana.

Mjomba Kalinda alianguka
miguu katika nchi moja, kichwa katika nyingine.
Ripoti mbili ziliandikwa juu yake.
Zote mbili zilimtaja kuwa adui.

Wiki moja baada ya matanga
mama aliazima chukudu, akaenda mchana,
mchana kweupe, askari wakimtazama.
Mwanamke mwenye mzigo haonekani.
Aliling'oa kwa jembe, akalifunika majani ya sombe,
akalisukuma hadi nyumbani.
Nilimwuliza kwa nini.
Akasema figa lake moja lilikuwa limepasuka
na chungu hakiinjikwi kwa mafiga mawili.
Hakusema zaidi. Alikuwa akitazama viatu vya Kalinda
pale mlangoni, bado vina tope.

Miaka ikapita, mlima ukashuka.
Nyiragongo haukuomba jetoni, haukuonyesha karatasi.
Uliwaka, ukapita, ukaingia ziwani,
na pale lilipokuwa shimo la jiwe
pakawa na mwamba mweusi, mzito, usio na upande.
Tulikimbilia kule. Tulilala uani kwa Nyirabahizi,
juu ya mikeka yake, siku nne.
Hakuna aliyetaja maharagwe.

Sasa kila mwaka tume mbili huja,
na mashine za kuongea na setilaiti,
na kila mashine huapia mahali pake.
Wanachimba lava. Vijana wa kuchimba wanalipwa kwa siku,
hivyo hawana haraka.

Juzi mvua iliwaingiza kwetu, wa huku na wa kule,
bunduki zao zikichuruzika maji ukutani.
Mama akawapakulia maharagwe.
Mmoja, mdogo, ndevu bado hazijaamua,
alichutama motoni kuota viganja,
kiatu chake kikigusa figa la tatu.
"Mama, hujawahi kuona jiwe lenye namba?"
Mama akasogeza ukuni.
"Mwanangu, huu ni mji wa Goma.
Tunakosa vyote, mawe hatujakosa."
Walicheka, huku na kule, kicheko kimoja.
Mimi nilisonga ugali hadi mkono ukaniuma,
nisije nikatazama chini.

Usiku moto ukizimika huwa nalipapasa.
Chokaa imekwisha, limebaki jeusi kama mengine.
Moja bado imo, nasikia ncha yake kidoleni.
Nne inaanza kufutika.