Mto Hauna Kupwa

Ramani nimeitandika sakafuni kwangu,
ghorofa ya tatu, Tudor, feni ikiipeperusha.
Pembe moja imekaliwa na kinu,
ya pili na mbuzi ya nazi,
ya tatu na goti la Mutinda.
Ya nne inajikunja, kila mara inajikunja,
na hapo ndipo korongo lilipo.

"Siku tano," asema Mutinda. Kidole chake
kinateremka na Athi polepole, kama mtu apapasaye kovu.
Hapa tutashusha boti. Hapa tutalala, pana mchanga.
Hapa mto unabanwa na mawe
hadi upana wa uchochoro wa Kibokoni,
ila kuta zake hazina mlango wa kubisha hodi.
Kutoka hapa mpaka hapa, siku mbili nzima,
hakuna njia ya mguu, hakuna mtandao;
aliyeingia atatokea upande wa pili.
Na hapa tunalibeba boti begani.
"Kwa nini?" auliza Nzai.
Mutinda hajibu. Achora iksi kwa kalamu nyekundu.

Mimi ni wa stoo. Nimepewa hesabu:
watu watano, siku tano, na ya sita ya majaaliwa.
Unga kilo saba. Tende. Ndimu thelathini.
Ng'onda wa papa, afungwe mara tatu,
maana mamba naye ana pua.
Mahamri ya siku ya kwanza tu;
siku ya pili yatakuwa nanga.
Mapipa mawili ya buluu, ya Kongowea,
nimeyasugua kwa majivu na bado yananuka achari.
Na ndoo yenye kifuniko cha kukaza, ya ile shughuli,
kwani tutakachoingia nacho tutatoka nacho,
hata kisichotajwa kwenye chai.
Mwanakheri akacheka hadi akaimwagia Tsavo kahawa.

Boti ni la mpira, mkono wa tatu.
Fundi wa pancha wa Makupa amelitia viraka tisa,
akakataa kuuliza ni la nini.
Jana lililala juu ya paa limejaa pumzi;
asubuhi nililipiga kofi, likalia kama ngoma
mpya. Kunguru wakahama.

Kisha Mutinda akauliza, bila kuinua macho,
kama anayeuliza nani hatumii sukari:
"Yupo asiyejua kuogelea?"

Wakacheka. Sisi? Watoto wa kisiwa?
Shee Lali alijifunza kabla ya kutahiriwa.
Nzai aliwahi kuvuka maji ya Mtongwe
kwa sababu ya soda mbili.
Nami nikaangalia orodha yangu,
nikaandika chumvi, ambayo nilikwisha kuiandika.

Miaka thelathini na minne nimezungukwa na maji.
Nayajua kwa dirishani:
najua bamvua, najua maji mafu,
najua saa ambayo matope ya hori yataanza kunuka.
Wavulana waliruka kutoka ukutani;
sisi tuliwashikia viatu.
Na bahari nimeizoea kwa tabia yake moja:
ikienda, hurudi. Ukiikosa leo, kesho ipo.
Mto hauna kupwa. Hauna kujaa.
Unakwenda tu, wala haukuulizi jina.

Usiku, wameondoka wote, naikunja ramani.
Pembe ya nne inajikunja yenyewe, imeshazoea.
Palipoandikwa makoti ya kuelea, matano,
naongeza kwa penseli: moja lijaribiwe kwanza.
Nampigia Mutinda. Simu yalia mara nne.
"Umesahau nini?" asema.
"Sijasahau," nasema. "Sijawahi kujua."

Kimya. Halafu nasikia kalamu ikifunguliwa.
"Jumamosi," asema, "maji yakijaa.
Njoo na nguo za kubadilisha.
Na usilete mahamri."