Kutoa Upepo

Jumanne. Mvua ya Blaenau imelala juu ya paa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimetandaza gazeti la wiki iliyopita,
nimeondoa bakuli la sukari, nimeondoa miwani ya Idwal
(miezi saba, bado sijui pa kuiweka),
na baiskeli ya Macsen nimeitundika kwa kamba
kwenye kichanja cha kuanikia nguo,
matope ya mlima yakidondoka jikoni kwangu, to, to.

"Nain, breki ya nyuma haishiki."
Niliibana. Ikazama yote hadi kwenye usukani,
laini, kama mkono wa mtu anayekupa pole asiyekujua.
Nikamwambia: hii ina upepo.
Akauliza nimejuaje.

Miaka thelathini na mmoja, kijana, wodi ya figo, Bangor.
Bomba la sindano nalijua kuliko kijiko.
Unalisimamisha, unaligonga kwa ukucha,
kiputo kinapanda, unakisukuma nje,
tone moja linakifuata, basi.
Nimewaona wanaume wa machimbo, mabega kama milango,
wakikodolea macho kiputo kisichofika punje ya mtama.

Mama yake alipiga simu saa kumi na mbili.
"Usiitengeneze. Ikiharibika atakaa nyumbani."
Nikasema sawa.
Tangu mazishi nasema sawa kwa kila mtu:
sawa, uzeni gari; sawa, leteni supu;
sawa, nitalala mapema.

Saa mbili nikalitoa gurudumu.
Pedi nikazifunga kwenye karatasi, nikazipeleka sebuleni,
maana pedi ikishaonja mafuta haisahau.
Kati ya pistoni nikachomeka kabari ya plastiki,
juu, penye mpini, nikakaza kikombe,
chini nikavisha mrija, nikasukuma.
Mafuta mekundu, mepesi, sharubati iliyozimuliwa.

Mara ya kwanza nilikosea.
Nilichomoa mrija kabla ya kufunga skrubu,
yakanirukia hadi kwenye mkono wa sweta,
na upepo wote ukarudi kwao.
Nilitukana kwa Kiwelisi. Matusi yetu ni haba,
ikabidi nikakope kwa jirani.

Mara ya pili sikuwa na haraka.
Nikaufuata mrija toka chini, nikiugonga kwa mpini wa spana,
polepole, kama mtoto unayemcheulisha begani.
Vikaja. Kimoja. Viwili vilivyoshikana. Kimya kirefu.
Nikanywa chai iliyopoa, nikadhani vimekwisha,
nikabana mpini tena, na kutoka sijui kona gani
kikapanda kikubwa, kivivu, kikapasuka puu,
kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Nikakaa chini.
Mafuta hayakubali kubanwa,
ndiyo maana kidole kimoja kinasimamisha mtu mlimani.
Upepo hukubali kila kitu.
Ndiyo maana hauaminiki.

Saa nne na robo nikampigia Heulwen.
Nimeitengeneza, nikamwambia.
Akanyamaza. Mimi pia, ila sikusema sawa.
Halafu akauliza kama ile ya mbele nayo nimeitazama,
nikasema kesho.

Jumamosi Macsen akabana. Ikagota.
Akanitazama jinsi Idwal alivyokuwa akitazama mashine
iliyowaka ghafla. Akabana tena, kwa raha tu.
Sikumwambia ajihadhari. Nilimwambia kofia, mkanda, chini ya kidevu.

Akaenda. Mtaa wetu unateremka wima
hadi kwenye vifusi vya mawe ya kuezekea.
Nikasimama mlangoni na kitambaa mkononi,
nikasikia breki ikilia kwenye kona ya kanisa,
ikalia tena, mbali zaidi,
kisha mvua peke yake.

Nikarudi ndani. Kwenye gazeti,
duara jekundu mahali kikombe kilipokaa,
na kando yake miwani.
Nikaivaa, niyasome maandishi madogo kwenye chupa.
Inanifaa, ya kazi hii.
Breki ya mbele ilikuwa bado.