Mteja wa Ijumaa

Nilimnyoa Ijumaa, saa nne, kabla ya adhana,
Bakili Nachundu, bodaboda wa stendi ya Masasi.
Upara ukabaki unang'aa kama korosho iliyobanguliwa.
Nikampiga kikofi cha kisogo, nikamwambia,
"Kichwa kama hiki, mwanangu, hakifichwi."
Akacheka. Akaitundika kofia ngumu kwenye kioo cha pikipiki,
akaondoka nayo inaning'inia, inagonga-gonga usukani.

Ulikuwa msimu. Malori yalikuwa yanashuka Mtwara
na magunia yamevimba kupita turubai.
Karibu na Chikundi moja liliharibika, likalala barabarani bila taa,
matawi mawili tu ya mkorosho yamewekwa nyuma.
Saa moja na nusu usiku, nani anaona jani?
Mimi sikuwepo. Najua kwa kusimuliwa,
na kila msimulizi anaongeza damu yake.

Wiki sita za Ndanda.
Taya walilifunga kwa waya, la juu kwa la chini,
kama mlango wa ghala la chama cha msingi.
Somoe akamnywesha uji kwa mrija,
uji uliochujwa mara mbili,
na akitaka kusema neno alilisukuma kwa pua.
Mfupa wa shavu uliingia ndani.
Jicho la kushoto likawa linatazama chini,
kana kwamba kuna sarafu aliyoidondosha.

Bibi yangu wa Newala alikuwa na nembo usoni,
mistari ya kisu na masizi, mashavuni hadi kidevuni.
Utotoni nilikuwa naifuata kwa kidole.
Alisema, "Nililia, lakini nilikwenda kukaa mwenyewe."

Hii ya Bakili hakuikalia.

Leo amekuja. Kiti kilekile.
"Kama siku zote," kasema,
na ile "siku" ikatoka kama upepo kwenye tairi.

Miaka kumi na minne mkono wangu unakwenda wenyewe.
Leo wembe umefika juu ya sikio ukasimama,
kama mgeni aliyekuta njia imelimwa.
Kovu halioti nywele. Ni laini, ni baridi kidogo,
na chini yake fuvu lina bonde la kutosha dole gumba.
Nimezunguka. Sijamkata.

Kioo nilikuwa nimekigeuzia ukutani
tangu nilipomwona anavuka barabara.
Akanyoosha mkono, akakigeuza mwenyewe,
akajitazama upande huu, upande ule,
kama mtu anayenunua.

"Ulisema hakifichwi."

Nikapangusa povu. Nikapangusa hata pasipo na povu.
Hela nikaikataa; akaiacha juu ya kabati,
elfu mbili, akaikandamiza kwa chupa ya spiriti.

Nje Somoe alikuwa amemshikia kofia.
Ileile. Haina hata mkwaruzo.
Akaivaa taratibu. Ukanda haukukaa vizuri chini ya taya,
akaufungua, akajaribu tena,
nami nimesimama mlangoni, kitambaa begani,
akajaribu tena.