Nukta ya Mwisho

Radi ya Kakamega imechoka kupiga.
Hewani umebaki mchakacho tu,
kama mahindi yanayopukuchuliwa nyumba ya tatu.
Waya wangu uko juu ya mkaratusi;
ukilowa hununa, nami nageuza kitufe
polepole, hadi sindano ilale.
Siipimi mashine hewani. Naipimia kwenye balbu ya wati sitini,
iwake hapa mezani,
isimpigie mtu mluzi sikioni.
Khasiala alinifunza hivyo, mkali kama siki:
"Wewe hubisha hodi kwa teke?"

Basi nasikiliza. Kisha nauliza kama pana mtu:
nukta mbili, mistari miwili, nukta mbili.
Kimya. Nauliza tena.
Kimya bado, ndipo naita.

Anayejibu yuko Nakuru, mgeni wa kazi hii.
Herufi zake zinajikwaa, jina analirudia mara tatu:
C, H, E, M, T, A, I.
Mkono wangu umezoea maneno ishirini kwa dakika.
Naupa manane.
Anakosea, anafuta kwa nukta nane, anaanza upya.
Nangoja. Chai inapoa.

Saa sita na robo tunaagana: sabini na tatu,
salamu zetu za siku zote.
Nukta ya mwisho
namwachia yeye.