Kumi na Mbili Nukta Moja

Ilianzia Uthiru, saa kumi na nusu alfajiri,
trei arobaini za mayai zimejaa nyuma.
Redio ikameza neno katikati ya habari,
ikanyamaza kama mtu aliyekumbuka deni.
Nikawasha waipa, taa zikafifia.
Nikazima waipa, taa zikarudi, shingo upande.
Kwenye dashibodi kibetri chekundu
kilinikodolea jicho
hadi Kangemi.

"Betri," alisema mlinzi wa sheli.
"Betri," alisema shemeji, ambaye huuza betri.
Nikanunua. Elfu nane na mia tano,
chakula cha kuku cha wiki mbili.
Siku tatu Vitz ikanguruma kama mali mpya.
Siku ya nne, Westlands, katikati ya barabara,
ikazima,
na nyuma yangu jiji zima likanipigia honi.

Barabara ya Kirinyaga: milango bila magari,
magari bila milango,
mzee mmoja auzaye vioo vya pembeni tu, vya kushoto.
Nilimuulizia Musembi. Musembi yuko Mwingi, anazika.
Aliyebaki ni Nduku, bintiye,
mikono ya ovaroli imekunjwa mara tatu.
"Washa," alisema. "Usizime."

Akagusa vichwa vya betri, nyekundu, nyeusi,
kwa maltimita yenye kioo kilichopasuka.
Kumi na mbili nukta moja.
"Kanyaga mafuta." Nikakanyaga.
Kumi na mbili nukta moja.
"Washa taa." Kumi na moja nukta sita.
"Ingepaswa kupita kumi na tatu na nusu, mama.
Betri yako haina kosa.
Inatoa tu. Hakuna anayeirudishia."

Nilinyamaza pale, mkono kwenye usukani.
Nilimkumbuka Moraa, kifunguamimba wangu,
niliyemwamsha saa tisa kila usiku tupange mayai,
kisha nikamwita mvivu
mwalimu aliposema anasinzia kwenye hesabu.

Nduku alitoa kwanza waya wa hasi
("huu ukiusahau, utaona nyota mchana"),
akalegeza bolti ya kukaza, mkanda ukachomoka
umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi.
Bolti ya chini ilikataa.
Akaimwagia mafuta, akaitukana Kikamba,
akavisha spana bomba refu, akaning'inia.
Ikalia. Ikatii.
Kidole kikachubuka; akakifuta kwa paja, akaendelea.

Altaneta ilipotoka alinipa niishike:
uzito wa mtoto wa miezi miwili, na joto lile lile.
Akaifungua mgongo. Brashi mbili za kaboni,
moja imelika hadi punje ya mchele,
haigusi kitu.
"Imekuwa ikizunguka bure," akasema.
"Ukiitazama kwa nje, iko kazini."

Kwa muuza spea, ghorofa ya pili, ngazi za giza,
altaneta za Japani zimepangwa rafuni,
namba za chaki kifuani kama watahiniwa.
Elfu saba, alisema. Nduku hakumjibu.
Alizungusha puli karibu na sikio:
ya kwanza akairudisha, ya pili akairudisha,
ya tatu akaisikiliza mpaka mwenye duka akakohoa.
"Hii haisagi mchanga."
Elfu nne na nusu, na mkanda mpya juu yake.

Saa tisa mchana. Washa.
Kumi na nne nukta mbili.
Akawasha taa, waipa, feni, kila kilacho moto:
kumi na tatu nukta tisa, na haikushuka.
Redio ikafufuka ikisoma matangazo ya vifo;
tukacheka, Mungu atusamehe.

Nilimlipa, nikamwongezea trei moja.
Yai moja lilikuwa na ufa. Akalivunjia mdomoni
papo hapo, akafuta kidevu, akaenda kwa gari lingine.

Usiku ule, saa tisa, sikumwamsha Moraa.
Nilipanga mayai peke yangu, polepole,
nikavunja matatu.