Mlango na Chumba

Jiwe jeusi, gramu tatu na nukta.
Ukilivunja lanuka mafuta ya taa.
Limetoka mita elfu tatu chini ya Neuquén,
palipokuwa na bahari
kabla hajazaliwa wa kuiita bahari.

Nélida Quilapán hulikausha kwanza, usiku kucha,
maana jiwe lenye maji husema uongo.
Kisha zebaki.
Zebaki haipendi kuingia popote,
hujikunyata, hujiviringa, yataka kusukumwa;
na mashine inasukuma, sakafu inatetema,
mpaka tone linakubali kupita
penye upana wa unywele
uliopasuliwa mara elfu ishirini.
Nanomita nne, anaandika.
Lakini huo ni mlango.
Zebaki haijui chumba,
yajua tu ilipobanwa.
Na kipande hicho hakirudi tena kabatini,
kimekula sumu.

Kipande cha pili anakipa nitrojeni
katika chupa ya baridi inayofuka.
Hii haigombani na mtu.
Inatandaa ukutani tabaka juu ya tabaka
kama fundi apakaye chokaa,
nawe ukiihesabu chokaa iliyotumika
umekijua chumba.

Vipimo viwili havikupatana.
Mhandisi Bertolotti akapiga simu kutoka Buenos Aires:
Nipe namba moja.
Ninazo mbili.
Moja, Nélida. Wenye hisa hawasomi mbili.
Friji ikakohoa. Hakuna aliyeaga.

Jumamosi alikwenda kwa dadake, juu ya mto,
nyumba ya tofali karibu na visima.
Ardhi ilikuwa imetikisika tena Jumanne,
kidogo tu, vikombe viligongana kabatini.
Ukutani, toka dirishani hadi jikoni, ufa.
Akatoa mkobani vibati vyake vya kupimia,
akachomeka kimoja, akachomoa, akachomeka kingine.
Aprili ulikuwa milimita moja na nusu.
Leo mbili na robo.

Ailín alikuwa akimenya viazi.
Na huo, akauliza bila kugeuka,
una chumba?

Nélida akaweka kiganja.
Upepo wa nje ulipita vidoleni,
bila kusukumwa na mtu,
bila hodi.

Akaandika tarehe kando ya ufa kwa penseli,
pale pale walipokuwa wakiweka alama
za urefu wa watoto.

Jumatatu alituma namba mbili.
Ya tatu imebaki ukutani.